Kuwalisha Kuku Uliowaacha

Mpendwa mume wangu, Baba Neema,

Kwa miaka yote niliyofundisha, niliwaagiza wanafunzi waanze barua kwa kumjulia hali mwandikiwa. Kwako siwezi kufanya hivyo, wala sitaki kujifanya. Nitaanza na habari za kuku, kwa kuwa neno la mwisho ulilonitamkia kwa sauti ya kusikika lilihusu kuku. Uliniuliza, "Wamekula?" Nikakujibu, "Wamekula." Ukafumba macho. Hatukuzungumza tena.

Ninaandika nikiwa mezani, dirisha likiwa wazi. Malori yamepanga foleni kuelekea mpakani kama kawaida, na upepo unaleta vumbi lao hadi kwenye miparachichi yako. Binti yetu ananiambia kwamba wajane wengine huandika ili wapate kulia. Mimi sijalia. Ninaandika kwa sababu kuna kazi uliyoianza, nami nikaimaliza, na desturi yangu ni kutoa taarifa kazi inapokwisha.

Unakumbuka siku vifaranga walipofika? Uliwapokea stendi, wametoka Mbeya ndani ya katoni zenye matundu, ukaja nazo ukitembea taratibu kuliko ulivyotembea siku tulipomtoa Neema hospitalini. Nikakuuliza ni kuku gani. Ukasema ni chotara wa nyama, wale wanaokua polepole, wa kufugwa nje. Nikakuambia kwamba jirani yetu ana kuku wa kisasa ambao huingia bandani na kutoka kwenda sokoni kabla sijamaliza kufuma kitambaa kimoja cha meza.

"Sasa hao wa jirani ni kuku au ni mikate?" ukasema.

"Mikate yake angalau inalika."

"Subiri, Mwalimu. Huyu wangu anaanza na mguu. Nyama itakuja kuukuta mguu umesimama."

Uliniita Mwalimu hata tulipokuwa wawili tu, nami nilikuita Bwana Mifugo kila nilipokasirika, ingawa ulikuwa umestaafu kazi hiyo. Siku hiyo nilikuita Bwana Mifugo mara kadhaa, hasa nilipogundua kwamba umechukua vyungu vyangu vya zamani. Ulivijaza magunzi na samadi mbichi, ukavifunika juu ya mashimo ya mchwa nyuma ya banda, ili mchwa wapande ndani na vifaranga wapate nyama yao ya kwanza. Nilikwambia kwamba mtu mwenye elimu hawezi kupika mchwa katika chungu cha mke wake. Ulijibu kwamba huwapiki, unawaalika.

Nilijifunza kazi yako bila kukusudia, kwa kuwa dirisha la jikoni linatazama banda. Walipokuwa wadogo uliwapa chakula kizito, kutwa nzima, chini ya taa. Manyoya yalipowafunika, ulibadili utaratibu. Asubuhi uliwafungulia mlango, ukawapa maji safi na majani ya maboga, basi. Hukuwapa hata punje. Walitoka na njaa, wakatawanyika chini ya miparachichi, wakachakura hadi jua likaelekea kuzama. Hapo ndipo ulipotandika turubai, ukachanganya kwa koleo: chenga za mahindi, pumba za mpunga zilizotoka Kamsamba, mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa, unga wa mifupa na chokaa kidogo. Ukagonga kopo. Walikuja mbio kutoka kila upande, shingo mbele, kama watoto waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Wakala, wakaingia ndani wenyewe, ukafunga mlango.

Mimi niliona kuwa ni ukatili kumtoa kiumbe nje asubuhi bila chakula. Nikakuambia hivyo.

"Ukimpa asubuhi, atakaa mlangoni akusubiri wewe," ulisema. "Ukimpa jioni, mchana anakwenda kujitafutia, jioni anarudi. Sasa wewe unataka mgeni wa mlangoni au mtu wa nyumbani?"

Ba Grace, yule mama wa Nakonde anayenunua kuku, alikuwa akivuka mpaka kuja kukuulizia kama wako tayari. "Mulishani, bamayo," alinisalimu kwa Kibemba, kisha akapita moja kwa moja hadi bandani. Mlishika kuku mmoja mmoja, mkampapasa mfupa wa kidari. Mfupa ukiwa mkali kama mgongo wa kisu, mlimrudisha chini. Mkisikia nyama imejaa pande zote mbili, mlitazamana bila kusema. Ba Grace alisema kwamba kwao mgeni akipikiwa kuku aliyeiva upesi hujua kwamba hakutarajiwa. Ulicheka mpaka ukakohoa. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kikohozi, lakini hatukujua.

Sitaeleza ugonjwa. Uliufahamu kuliko mimi. Nitasema tu kwamba koo lilijifunga kidogo kidogo, na kwamba katika siku zile za mwisho nilikuja kitandani na kijiko cha uji, ukafunga midomo. Hukufanya hivyo kwa hasira. Uliifunga kama mtu anayefunga mlango kwa adabu ili asimwamshe aliyelala. Nilirudisha bakuli jikoni, nikaliosha, nikalianika. Kisha nilitoka nje kuwalisha kuku, kwa kuwa saa yao ilikuwa imefika.

Ulipofariki, ndugu zako walikuja kutoka Mbozi, wengine kutoka Isongole. Unajua desturi: mifugo ya marehemu hulisha waombolezaji wake. Kaka yako mkubwa, Shemeji Lameki, aliniita pembeni kwa heshima, akasema vijana wapo tayari na visu. Nilikwenda bandani, nikashika jogoo mmoja, nikapapasa kidari chake. Mfupa ulikuwa mkali. Sauti za majogoo zilikuwa bado hazijakomaa. Waliwika kama milango isiyotiwa mafuta. Nikarudi, nikasema, "Hawajafika."

"Shemeji, huu ni msiba. Nani anapima kuku msibani?"

"Mwenye kuku angewapima. Siku ya kuweka msalaba kaburini watakuwa tayari. Siku hiyo mtakula kuku wa ndugu yenu, na watatosha. Nimeahidi."

Niliahidi mbele ya ukoo mzima, Baba Neema, nikiwa nimesimama. Wakala maharage na mchicha. Mdogo wako, Wifi Eliza, aliyekuwa ameulilia msiba wako hadi sauti ikakauka, alisema kwa sauti iliyobaki, ili nisikie: "Kuku wa marehemu wamelala wameshiba, waombolezaji wanakula maharage. Na mwenyewe hata chozi! Huyu mwalimu analia kwa kalamu."

Nilijaribu kuchunguza kama maneno hayo yameniuma, sikuona mahali yalipofikia.

Kuanzia hapo siku zangu zilikuwa na umbo moja. Nilifungua mlango wa banda, nikaweka maji na majani. Nilifagia. Nilikaa. Jioni nilitandika turubai, nikachanganya, nikagonga kopo. Walikuja kwangu kama walivyokuja kwako, hawakutofautisha mkono. Nilifunga mlango, nikaingia ndani. Neema alipiga simu kila siku kuniuliza ninajisikiaje. Nilimjibu kwamba kuku wanaendelea vizuri. Siku moja akasema, "Mama, sijauliza kuku." Nikamwambia kwamba nimesikia swali.

Ba Grace alikuja. Alikaa kwenye kiti chako bila kujua, akasimama alipojua. Aliniomba nimwachie kuku wote, ninunue wa kisasa kwa ajili ya shughuli, nisijisumbue. Ningeweza kukubali. Hakuna ambaye angelinganisha mfupa na mfupa. Lakini nilikuwa nimesema kuku wa ndugu yenu, sikusema kuku. Alinielewa, akapapasa mmoja, akamrudisha chini, akaaga.

Mahindi yalipokwisha kuvunwa na siku ya msalaba kukaribia, Wifi Eliza alikuja kukaa nami ili tuandae shughuli. Unamjua mdogo wako. Anaingia ndani ya nyumba kama upepo, sufuria zinaanza kugongana kabla hajavua viatu. Yeye mwenyewe anafuga kuku wa kisasa Vwawa, na anafuga vizuri, siwezi kumwondolea hilo. Aliwatazama kuku wako, akawashika, akatikisa kichwa.

"Wifi, hawa ndio wa kulisha ukoo? Mbona wamekaa kimbiombio hivi, kama wanafunzi wa mchaka mchaka?"

"Wanakua polepole."

"Polepole mpaka lini? Siku inakuja, wifi yangu. Utatuaibisha."

Nilikuwa na homa ya mafua wakati huo, upepo wa kiangazi uliniingia kifuani, nikalala kwa siku kadhaa. Eliza aliniambia nisihofu, atawalisha. Nikamshukuru. Sikumweleza utaratibu wako. Niliona kama kuku ni kuku, mtu anayefuga hahitaji kufundishwa.

Nilipoinuka na kutoka nje, nilikuta kimya. Mchana ule, hakukuwa na kuku hata mmoja chini ya miparachichi. Wote walikuwa mlangoni pa banda, wamelalia vifua vyao mbele ya vyombo vilivyojaa chakula cha kukuzia kuku wa kisasa, ambacho Eliza alikuja nacho kwenye gunia. Aliwapa asubuhi, akawaongezea mchana, akawaongezea jioni. Walinitazama bila kusimama. Jogoo mkubwa, yule mwekundu uliyemwita Mwenyekiti, alijaribu kuja kwangu. Mguu mmoja ukateleza upande, akaanguka kwa kidari chake kizito, akabaki hapo hapo akidonoa alichoweza kukifikia. Matetea wawili hawakuweza kusimama kabisa.

Nilimwita Eliza. Sikupaza sauti. Nadhani angependa nipaze.

"Wifi, umewapa nini?"

"Nimewapa chakula! Umewahi kuona wapi kuku wanakula jioni tu, kama walevi? Wameongezeka, washike. Shika kidari hicho!"

"Kidari kimetangulia mguu. Hawa si wa kisasa. Mwili wao haukuumbwa kubeba haraka hiyo."

"Basi ni kosa langu. Siku zote ni kosa langu, kwa sababu mimi nina mdomo. Wewe huna kosa, umekaa tu kama umemeza rula."

"Sijasema ni kosa. Nimesema ni kizito kwao."

"Ndiyo, ni kizito! Nilitaka washibe!" Alikuwa ameshika kopo lako mkononi, akawa anapiga nalo paja. "Wewe ulikuwa naye. Mimi nilikuja siku mbili tu, nikamletea mtori, nikamwinua kichwa. Kaka yangu akafunga mdomo, wifi. Akanifungia mdomo mimi. Sasa nikiwatupia hawa, wanafungua wote. Wote! Nikawa siwezi kuacha."

Alikaa chini kwenye vumbi, na sketi yake nzuri, akalia. Nilisimama. Nilikuwa najua la kumwambia, maana nami nilikuwa nimebeba bakuli hilo hilo. Lakini nilifanya jambo nililoliweza. Niliondoa vyombo vyote, nikamwaga chakula kile katika gunia lake, nikafunga. Kisha nikamshika mkono, nikamwonyesha mahali unapotandika turubai.

Wale matetea wawili tuliwachinja siku hiyo, tukawapelekea majirani supu. Waliobaki niliwatoa nje asubuhi iliyofuata na maji na majani tu. Hawakwenda kokote. Walikaa mlangoni wakilalamika, kama ulivyosema. Eliza alisimama dirishani na kuniambia kwamba nina moyo wa jiwe, lakini hakutoka na chakula. Siku iliyofuata mmoja alichoka kulalamika, akaenda hadi mparachichi wa kwanza. Tulimwangalia sote wawili tukiwa na vikombe vya chai mkononi. Alichakura majani makavu, akapata kitu, wengine wakamwona, wakamfuata mbio.

"Tazama huyo mwizi!" Eliza akasema. Akacheka; ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka ndani ya nyumba hii tangu msiba. Nilisikia kicheko hicho kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Kwa kuwa nyasi zilikuwa zimekauka na wadudu ni wachache, nilifanya kitu ambacho ungenidhihaki kwacho. Nilichukua vyungu viwili, vile vizuri vilivyobaki, nikavijaza magunzi na samadi, nikavifunika juu ya mashimo ya mchwa. Eliza alishika pua, akaniambia kwamba sasa anaamini nilikupenda. Tuliongeza dagaa kidogo katika mchanganyiko wa jioni, tukapunguza chenga. Mwenyekiti alichechemea kwa muda, kisha akawa anatembea. Hakukimbia tena, alikuja kwenye turubai wa mwisho, nami nilimwekea fungu lake pembeni.

Mkesha wa siku ya msalaba tuliingia bandani walipokwisha kupanda juu ya miti yao ya kulalia. Kuku akitulia kwenye giza haoni ubaya ukimshika. Eliza alishika, mimi nikapapasa. Mmoja baada ya mwingine. Kila mara alininong'oneza, "Huyu?" nami nikajibu, "Amefika." Hawakuwa wakubwa kama ulivyowakusudia. Ungewapa muda zaidi. Lakini nyama ilikuwa imejaa pande zote za mfupa, ngumu, na miguu ilikuwa imesimama. Tulipomaliza, Eliza alibaki ameegemea ukuta wa banda. Aliniambia, "Wifi, yale ya kalamu niliyoyasema msibani..." Nikamwambia kwamba nayakumbuka na kwamba asubuhi tuna kazi.

Walikuja wote. Mchungaji aliongoza ibada, msalaba ukasimikwa, jina lako limeandikwa bila kosa. Nilikagua mwenyewe kabla fundi hajaondoka. Kisha watu wakarudi nyumbani wakakaa chini ya miparachichi, wakangoja. Unajua kuku hawa hawaivi upesi. Vijana wakaanza kuuliza, wanawake jikoni wakatajwa kwa majina. Shemeji mmoja kutoka Isongole akasema kwamba labda kuku bado wanakua ndani ya sufuria. Watu wakacheka. Eliza alitoka na mwiko mkononi akamwambia: "Kaka, ukitaka cha haraka, barabara hiyo hapo, nenda kanunue chipsi." Kisha vyakula vikatoka, watu wakapakua, na maneno yakaisha. Ulikuwa ukipenda ukimya huo. Vilisikika vijiko na mifupa tu. Chakula kilitosha kwa kila mtu. Ahadi yangu haikubaki na deni.

Firigisi ya jogoo mkubwa ililetwa peke yake katika kisahani, kwa kuwa kwetu firigisi hiyo ni ya mwenye nyumba. Msichana aliyeileta alisimama katikati, hakujua aiweke wapi. Watu wakamwona. Mimi nilimwonyesha kwa jicho ampelekee Shemeji Lameki, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Ndivyo inavyostahili. Akapiga goti akamwekea.

Lameki aliitazama. Akasimama na kile kisahani, na unajua magoti yake, akavuka uwanja wote hadi nilipokaa na wanawake.

"Shika, Mwalimu."

"Shemeji, haifai. Hii ni yako."

"Ya mwenye nyumba," akasema. "Mimi nina nyumba yangu Mbozi." Akaongeza kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Tulikudhania vibaya. Kula, mama."

Eliza, nyuma yangu, akasema, "Fungua mdomo, wifi." Alisema kama anayemlisha mtoto, lakini hakuna aliyecheka.

Tangu tulipokuzika nimekula kila mlo kwa saa yake, kwa sababu mwili una haki yake, na sikumbuki ladha ya hata mlo mmoja. Nilichukua ile firigisi kwa vidole. Ilikuwa ngumu, kama inavyopaswa kuwa kwa ndege aliyetembea. Niliitafuna polepole, ukoo wako ukiwa umenitazama, na Lameki amesimama mbele yangu hakutaka kuondoka mpaka nimeze. Hakuna lililofunguka ndani yangu, wala sikulia. Sitakudanganya kwa maandishi. Lakini Eliza alikuwa amezidisha chumvi, Baba Neema. Nimekuandikia ili ujue kwamba niliisikia.

Sina jingine la kutaarifu. Lala. Mimi nipo hapa nyumbani.

Mkeo,
Mama Neema
Chapwa, Tunduma